Moshi au Ngazi

Mwelu wa mashine ya kusaga, pale Masii, ana sauti ambayo watu huisikia kabla hawajamwona mwenyewe. Si ukali. Mtu akikaa miaka mingi kando ya mashine ya kusaga mahindi hujifunza kuongea juu yake, na baadaye hata mashine ikizimwa sauti haikumbuki kushuka. Kanisani akisema "Amina", watoto waliosinzia huamka. Siku ya soko akimwita mtu upande wa mbuzi, walio upande wa maembe nao hugeuka.

Mumewe, Muema, alikuwa kinyume chake. Alikuwa mtu wa maneno machache na sauti ya chini, aliyefanya kazi tangu ujana wake katika kiwanda cha simiti huko Athi River na kurudi nyumbani mwisho wa wiki. Watoto walipokosea, Mwelu ndiye aliyefoka. Muema alikohoa tu. Mpaka wa shamba ulipozozaniwa na jirani, Mwelu ndiye aliyekwenda kwa chifu. Kitu kimoja tu ndicho kingemfanya Muema apaze sauti, na kitu hicho hakikuwa siasa, wala shamba, wala ng'ombe. Kilikuwa rap.

Ilianza miaka ya tisini, Muema alipokuwa kijana akipanga chumba kimoja na rafiki yake Gikonyo, karibu na kiwanda. Gikonyo ni mtoto wa wafanyabiashara waliotoka upande wa Murang'a na kufungua duka la vifaa vya ujenzi Masii. Kabla ya kurudi kulishika duka hilo alitaka kwanza kuonja maisha ya mshahara. Ndani ya chumba chao mlikuwa na jiko, kitanda, godoro la chini, na redio kaseti iliyofungwa kwa mpira. Kaseti zilikuwa nyingi, lakini za maana zilikuwa mbili. Zote mbili zilikuwa albamu za rap ya kigangsta kutoka California, zilizonakiliwa mara nyingi hata karatasi zake za juu zikawa fotokopi ya fotokopi, majina hayasomeki. Kwenye moja uliona wingu la moshi na kichwa cha mtu katikati yake. Kwenye nyingine uliona vijana wameketi kwenye ngazi za jengo. Basi wakaziita Moshi na Ngazi.

Muema alikuwa mtu wa Moshi. Gikonyo alikuwa mtu wa Ngazi. Wakabishana wakipika, wakabishana wakifua, wakabishana njiani kwenda zamu, kila mmoja akitetea albamu yake kana kwamba ni yeye aliyeizaa. Kisha wakaoa, wakapata watoto, nywele zikawapungua, na ubishi ule ule ukahamia sebuleni kwa Mwelu. Kila Jumapili baada ya ibada Gikonyo alifika, akaketi, na kabla chai haijajaa kikombe ungesikia, "Lakini Muema, wewe na akili zako, utaniambia Moshi iko na wimbo kama ule wa tatu wa Ngazi?"

"Wa tatu?" Muema angeinuka kitini. "Wa tatu ndio unaniletea hapa? Hiyo ngoma inagonga kama mtu anapigilia mabati!"

"Asi!" Mwelu angepiga kelele kutoka jikoni. "Watu wazima na nyumba zenu, mnapigania watoto wa watu walio Amerika, hata hawajui Masii iko wapi!"

Hakuna aliyemsikiliza. Kwa Mwelu, nyimbo zenyewe zilikuwa wanaume wakigombana kwa Kiingereza cha haraka, na matusi aliyoyatambua yalitosha kumfanya afunge mlango jirani wasisikie. Hakuwahi kukaa chini akazisikiliza. Sikio lake lilikuwa la mashine. Alijua ukanda ukianza kulegea kabla kijana wake wa kazi hajajua, na hilo lilimtosha.

Ikafika Jumapili moja, mvua za vuli zikiwa zimeanza. Muema aliinama kufunga kamba za viatu ili waende kanisani, na hakuinuka. Mwelu alimkuta amelala ubavu, mdomo umevutwa upande mmoja, macho yake yanamtazama kama mtu aliye nyuma ya dirisha. Gikonyo ndiye aliyewakimbiza na pikapu ya duka mpaka hospitali mjini Machakos. Kilikuwa kiharusi. Madaktari walifanya kazi yao vizuri, Muema hakufa. Lakini aliporudi nyumbani mkono wa kulia ulikuwa mzito, mguu wa kulia ulikuwa unaburuzwa, na maneno hayakuwapo.

Yaani hayakuwapo isipokuwa moja. Muema alibaki na neno "leo". Akitaka chai, alisema "leo". Akiumwa, "leo". Akimwona mjukuu, "leo, leo", na machozi yanamlenga. Alijua anachotaka kusema. Ungeliona neno kwenye macho yake likija, likifika mlangoni, halafu linatoka "leo". Naye angepiga paja lake kwa mkono wa kushoto na kugeuza uso.

Kila baada ya wiki Mwelu alimpeleka Machakos kwa mtaalamu wa kurudisha usemi, msichana mmoja mpole aitwaye Mwihaki, aliyevaa raba na kuongea na wagonjwa kama anaongea na wajomba zake.

"Mama, maneno hayajapotea," Mwihaki alimwambia. "Yako ndani. Ni barabara imekatika. Sisi tunatafuta barabara ingine ya kuyapitisha."

"Na barabara yenyewe iko wapi, daktari?"

"Kila mtu iko na yake. Mletee vitu alivyopenda. Vile vilikuwa vinamchemsha."

Mwelu alienda nyumbani akawaza kuhusu vitu vilivyomchemsha mumewe. Akampigia Gikonyo simu.

Gikonyo alikuwa amekuja mara chache tangu hospitali. Alikuwa mwoga wa magonjwa, na kila alipokuja aliketi kwenye ncha ya kiti kama mtu aliyekuja kuposa. Siku hiyo alikuja na mkate, maziwa na ndizi, akaketi karibu na Muema, akamshika ule mkono mzito.

"Muema, ndugu yangu," akasema kwa sauti ndogo ambayo Mwelu hakuwahi kuisikia kinywani mwake. "Haya maneno yetu ya miaka yote. Nimefikiria sana. Wewe ndiye ulikuwa sawa. Moshi ndiyo kali. Nimekubali."

Muema alimtazama muda mrefu. Mdomo ukasogea, haukutoa kitu. Kisha macho yakajaa, akageuka akaangalia ukuta.

Mwelu, aliyekuwa amesimama mlangoni na sufuria, alidhani ni furaha. Hata alitabasamu. Lakini jioni Muema hakula. Asubuhi hakukubali kunyooshwa ule mkono mzito. Siku iliyofuata vilevile. Alikuwa amelala akiangalia ukuta ule ule, na hata "leo" hakusema.

Mwelu alielewa akiwa kazini, mikono yake imejaa unga, mashine ikinguruma. Alikuwa akifikiria mazishi. Alikumbuka vile watu husimama mbele ya jeneza na kumsifu mtu ambaye wiki iliyopita walikuwa wakimkasirikia, kila mmoja akimpa marehemu haki aliyomnyima akiwa hai. Mikono ikasimama juu ya gunia. Gikonyo alikuwa amemzika Muema. Alikuwa amekuja na mkate na ndizi, akaketi, akamzika, na Muema mwenyewe alisikia kila neno.

Alizima mashine wateja wakiwa kwenye foleni.

"Mama Syombua, unga wetu?" mwanamke mmoja akauliza, akimwita kwa jina la binti yake wa kwanza.

"Ngojeni. Narudi."

Alivuka barabara na kitambaa cha kichwa kikiwa cheupe kwa unga, akaingia dukani kwa Gikonyo ambako watu walikuwa wakipimiwa misumari.

Sasa, Gikonyo ana binti wa kwanza aitwaye Wangu, kwa hivyo kwa heshima Mwelu humwita Baba Wangu. Wageni wakisikia hudhani anamwita babake, na wenyeji wamecheka jambo hilo hata limewachosha. Siku hiyo hakuna aliyecheka.

"Baba Wangu!" Sauti ilitikisa makopo ya rangi. "Nani alikutuma uje kwangu kuzika bwana yangu?"

Gikonyo aliacha mizani. "Ngai! Mama Syombua, nimefanya nini?"

"Ulimwambia amekushinda!"

"Si ni mgonjwa? Mtu akiwa mgonjwa unampatia kile anataka."

"Alitaka kukushinda, hakutaka kupewa! Tangu siku hiyo hali chakula. Hainuki. Ulimwambia hakuna haja tena ya kubishana na yeye, kwa sababu yeye amekwisha. Hivyo ndivyo alisikia. Na wewe mwenyewe, niangalie, ndivyo ulikuwa unafikiria."

Gikonyo alitazama misumari. Ni mtu mnene, mwenye uso wa kuchekacheka, lakini wakati huo uso ulikuwa umemshuka.

"Mimi niliogopa," akasema mwishowe. "Nikimwona vile amelala, sijui niongee nini."

"Ongea vile uliongea siku zote. Jumamosi ukuje uondoe maneno yako. Na usikuje na ndizi."

Jumamosi Gikonyo akaja mikono mitupu. Hakuketi kwenye ncha ya kiti. Alivuta kiti mpaka mbele ya kitanda, akakikalia kinyume, akaegemeza mikono kwenye mgongo wake kama zamani chumbani Athi River.

"Muema, sikiza. Nilikudanganya. Nilikuonea huruma nikasema uongo. Moshi si albamu, ni dawa ya usingizi. Ni ya kubembeleza watoto. Ukiiweka ng'ombe watalala. Ngazi itaikalia Moshi mpaka Yesu arudi, na kama uko na jibu, mimi niko hapa."

Muema aligeuka polepole kutoka ukutani. Upande mmoja wa uso, ule uliokuwa bado unamtii, ulianza kupanda. Jicho likawaka. Akainua mkono wa kushoto, akamnyooshea Gikonyo kidole, kifua kikipanda na kushuka.

"Leo!" akasema. "Leo! Leo leo leo! LEO!"

Ilikuwa wazi kwa mtu yeyote mwenye masikio kwamba lilikuwa tusi. Gikonyo alicheka hadi akatoa machozi, na haikujulikana machozi mengine yalikuwa ya nini. Siku hiyo Muema alikula ugali wote na kuashiria aongezewe.

Tangu hapo Gikonyo alikuja kila alipoweza. Lakini alikuwa na duka, na siku za katikati ya wiki zilikuwa ndefu. Syombua, binti yao wa kwanza anayefanya kazi ya ofisi na kuishi Syokimau, alizitafuta albamu zote mbili mtandaoni, akaziweka kwenye simu ya mamake na kumletea kispika kidogo chenye umbo la kopo. "Mum, unabonyeza hapa Moshi, hapa Ngazi. Hivyo tu."

Hivyo Mwelu, mwimbaji wa kwaya, akawa mtu wa kuamka asubuhi na kumwekea mumewe rap ya kigangsta kabla ya uji. Mwanzoni alikuwa akitoka chumbani. Kisha akawa anafagia humo humo. Kisha akawa anakaa.

Siku moja wakiwa katikati ya Moshi, akina mama wa kanisa walifika bila kutangaza. Walikuwa wameamua kupitia kumwombea mgonjwa, wakiongozwa na mwenyekiti wao, Ndinda, mama mzito mwenye imani nzito zaidi. Mwelu alisikia "Hodi!" wakiwa tayari sebuleni. Alirukia simu, akabonyeza huku, akabonyeza kule, sauti ikapanda badala ya kushuka, na mwishowe akazima kila kitu kwa pamoja.

Lakini sauti haikuisha.

Muema alikuwa ameketi kitandani, macho yamefungwa, mkono wa kushoto ukipiga goti, na kutoka kinywani mwake kiitikio cha wimbo kiliendelea peke yake. Si "leo". Maneno. Ya Kiingereza, kamili, moja nyuma ya lingine, yaliyopinda kidogo pembeni lakini yakifuatana bila kukwama, mpaka mwisho wa kiitikio, na akarudia tena.

Ndinda, aliyekuwa amefika mlangoni pa chumba na wenzake nyuma yake, aliangusha mkoba.

"Bwana asifiwe!" akalia. "Dada zangu, mnasikia? Ananena kwa lugha! Ananena kwa lugha!"

Chumba kikalipuka. Mmoja akapiga vigelegele, mwingine akapiga magoti kwenye mkeka, wengine wakainua mikono. Mwelu alisimama katikati yao, simu kifuani. Alijua ni lugha gani. Alijua pia, kwa kuwa Syombua alikuwa amemfafanulia kiitikio hicho kwa aibu nyingi, kwamba hakikuwa na neno hata moja la kusemwa mbele ya kwaya. Lakini mumewe alikuwa akiongea. Akaketi chini na kulia kwa sauti ile yake ya mashine.

"Amina!" akasema. "Amina! Amina!" Na hakudanganya, kwa sababu alishukuru kweli.

Aliposimuliwa hayo, Mwihaki alicheka mpaka akaegemea meza. Kisha akawa makini, akavuta kiti karibu na Muema.

"Baba, hiyo ndiyo barabara," akamwambia. "Kuimba kunapita njia ingine kwa kichwa, si ile imekatika. Sasa tutapakia maneno yako kwa hiyo njia." Akaushika mkono wa kushoto wa Muema, akaupigisha kwenye goti: mara mbili nzito, moja nyepesi, kama ngoma ya wimbo. "Ni-pe chai. Ni-pe chai. Tuende."

Muema alikunja uso. Goti likapigwa. "Ni," akasema. "Ni. Ni-pe." Jasho likamtoka. "Ni-pe cha-i."

Nyumba yao ya Masii ikawa nyumba ya kupiga magoti kwa viganja. Ni-pe ma-ji. Fu-ngua mla-ngo. Mwe-lu ku-ja. Jina lake lilipotoka mara ya kwanza, Mwelu alikuwa akimenya viazi. Aliendelea kumenya kiazi kile kile hadi kikabaki kama kokwa.

Lakini yalikuwa maneno ya kufundishwa. Muema aliyasema kama mtoto anayesoma ubaoni. Neno lake mwenyewe, lililotoka kwake bila kuombwa, lilikuwa bado halijaja.

Katika miezi hiyo jambo lingine lilikuwa limempata Mwelu, naye hakumwambia mtu. Alikuwa ameanza kupendelea. Moshi ilikuwa nzuri, hilo hangelikataa. Ilienda kama mashine iliyotiwa mafuta, ukanda umekaza vizuri, hakuna kinachogongana, na besi yake ilimkaa tumboni. Lakini Ngazi ilikuwa kama mashine iliyoangukiwa na jiwe, na mwenyewe akakataa kuizima kwa sababu watu wana njaa. Katika wimbo mmoja, Syombua alimwambia, kijana anaongea na mamake anayetoka kazi ya usiku, anamsikia akivua viatu gizani ili asimwamshe, naye anajifanya amelala. Mwelu aliurudia wimbo huo mara nyingi akiwa peke yake jikoni. Alikuwa amewahi kuvua viatu gizani.

Alasiri moja Gikonyo alikuwa amekuja, akaanza kama kawaida yake. "Moshi ni ya watu wanaojisifu kuhusu magari. Ngazi ni ya watu." Muema akapiga goti, akisaka jibu. Gikonyo akageuka kwa mzaha. "Hebu tuulize mwenye nyumba. Mama Syombua, wewe sasa umezisikia zote kuliko sisi. Gani ni gani?"

Mwelu angeweza kukwepa. Mke mwema angekwepa. Lakini alikumbuka ukuta ule na mtu akiutazama, akaona kwamba kumpa mumewe ushindi wa huruma kungekuwa kurudia kosa alilomkalipia mwingine.

"Ngazi," akasema.

Gikonyo aliruka kutoka kitini akipiga makofi. Muema alimtazama mkewe. Mkono wake ulisahau goti. Uso mzima, hata ule upande uliolala, ulikusanyika katikati kama ngumi.

"Hata wewe?" akasema. "Ndani ya nyumba yangu?"

Kuku walisikika nje. Hakuna aliyekuwa amemfundisha maneno hayo. Hakuyapigia goti. Yalikuwa yametoka kwa barabara ile ya zamani, iliyokatika, yakiwa na hasira na yakiwa yake.

"Rudia," Mwelu akanong'ona. Ndiyo mara pekee Gikonyo anakumbuka kumsikia akinong'ona.

"Hata wewe, Mwelu! Mimi... mimi nimelala hapa... na wewe... unakuwa mtu wa Ngazi!"

Mwelu alimkumbatia, yeye akimsukuma kwa mkono mzima, akitaka kwanza ajibiwe.

Baada ya siku ile maneno yalirudi kama maji kwenye mfereji uliokuwa umeziba, machache na yenye matope, kisha mengi. Mengine hayakurudi. Hadi leo majina ya watu humtoroka, na akichoka hupiga goti. Mwihaki alimwambia hatakuwa kama zamani, na Muema akajibu, polepole, kwamba zamani alikuwa haongei sana, kwa hivyo wataona.

Mwaka uliofuata, Urbanus, aliyekuwa mpangaji mwenzao kwenye ploti ile ya vyumba vya kupanga huko Athi River na sasa ana hoteli ya nyama choma karibu na soko la Masii, aliwaita wote waliowahi kuishi kwenye ploti hiyo. Walikuja kutoka Mitaboni, Kinanie, wengine kutoka mbali, wanaume wenye vitambi na miwani, pamoja na wake zao. Nyama ilipokatwa, Urbanus aligonga chupa na kijiko.

"Wazee, tuko na kesi moja haijawahi kuamuliwa tangu enzi za chama cha KANU kikiwa mama na baba. Moshi au Ngazi. Leo tunapiga kura. Kila upande una mtetezi."

Gikonyo alisimama kwanza, akaongea vizuri. Aliwachekesha, akawakumbusha maji ya mitungi na zamu za usiku, akasema Ngazi ndiyo albamu pekee iliyojua jinsi walivyoishi. Hakumhurumia Muema hata kidogo. Alipoketi alipigiwa makofi marefu.

Kisha Muema akashika fimbo yake na kuinuka. Watu wakanyamaza kwa namna ambayo hakuipenda; wengi hawakuwa wamemwona tangu augue. Mwelu aliificha mikono yake chini ya meza. Mguu wa kulia ulitafuta pa kukanyaga, ukapata. Muema akaweka kiganja cha kushoto mezani, akagonga: mbili nzito, moja nyepesi.

"Gikonyo... amesema kweli," akaanza. "Ngazi inajua... tulivyoishi. Lakini mimi... nilikuwa najua tayari. Nilikuwa nabeba simiti. Pua imejaa simiti. Sikuhitaji... mtu wa Amerika... aniambie maisha ni ngumu." Akagonga tena. "Ngazi ni Jumatatu. Hiyo... tulipewa bure. Lakini Moshi... Moshi ni Jumamosi. Kijana hana kitu. Amelala chini, kwa... kwa godoro. Anaweka Moshi... na anakuwa mtu ana gari. Ana barabara. Jua linawaka juu yake. Nani mwingine... alitupatia Jumamosi?"

Mtu mmoja nyuma akasema, "Ukweli!"

"Jumatatu ndiyo inakulisha!" Gikonyo akadakia.

"Ngoja," Muema akasema. Alikuwa ameinua sauti. Ilikuwa na mikwaruzo, lakini ilifika mpaka kwa wachoma nyama, nao wakageuka. "Mwaka jana... nilikuwa na Jumatatu. Miezi mingi, Jumatatu tupu. Neno moja. Ukuta. Na kitu kilinitoa... si mtu kunionea huruma." Akamtazama rafiki yake, na wote wawili wakatazama pembeni kwa haraka. "Ni wimbo wa Moshi. Kiitikio. Mama Syombua ni shahidi. Hata... hata akina mama wa kanisa ni mashahidi!"

Kicheko kilipanda hadi kwenye mabati, kwa kuwa habari ile ilikuwa imezunguka Masii nzima, isipokuwa kwa Ndinda, ambaye hadi leo hutoa ushuhuda wake na hakuna mwenye moyo wa kumsahihisha.

"Mikono juu, Ngazi!" Urbanus akaita. Mikono ikapanda. Mwelu akainua wake, juu kabisa, akimwangalia mumewe usoni.

"Asi! Huyu mwanamke!" Muema akasema, na meno yake yote yalikuwa nje.

"Mikono juu, Moshi!" Ikapanda mingine, na mingine, meza za nyuma, wachoma nyama, hata wateja ambao hawakuwa wamealikwa. Haikuhitaji kuhesabiwa. Urbanus akaushika mkono mzito wa kulia wa Muema, ule uliokuwa haujainuka juu ya bega tangu siku ya viatu, na kwa pamoja wakaupandisha. Watu wakapiga meza.

"Kura zimeibwa!" Gikonyo alikuwa amesimama juu ya kiti, mnene hivyo, akitikisa mfupa wa mbuzi hewani. "Wachoma nyama si wapiga kura! Naenda kortini! Mama Syombua, wewe ndiye wakili wangu!"

"Tunaenda!" Mwelu akanguruma, na upande wa pili wa soko watu wakageuka.

Muema hakuwa ameketi. Alikuwa bado ameshika meza kwa mkono mmoja, anavuta pumzi, anaangalia watu wakibishana kwa kelele, na ilionekana kuna kitu kingine kinakuja. Gikonyo alipofungua mdomo kuendelea na kesi yake, alimwinulia kidole.

"Kaa chini," akasema. "Sijamaliza. Huo wimbo wako... wa tatu..."

Gikonyo akashuka kitini, akajimiminia soda, akakunja mikono kusikiliza.